Inchi Mbili za Kukulia

Duka la Fundi, mlango wa pili,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Mikono,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. U hali gani huko? Ule mgongo uliokusumbua kwa kuinua maboksi umepoa, au bado unajifanya mzima mbele ya msimamizi wako? Na baridi je, imekuachia? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kila asubuhi, kwa hiyo ujue afya anayo. Wifi yako amerudishwa zamu ya mchana hospitalini, basi jioni nyumba ina mtu wa kunikosoa.

Mama anauliza kama lile shuka alilokutumia lilifika. Anasema usilitunze kabatini kama mtu anayesubiri wageni, ulilalie.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Kazi haikunizuia kukujibu. Nilikuwa naogopa. Uliuliza kama upinde uliomtumia binti yangu Sindano umemfaa, na mimi kila nikishika kalamu nakumbuka kuna shati la mtu halijawekwa vifungo. Hata kwenye simu ulipouliza nikakwambia mtandao unakatakata. Mtandao ulikuwa mzima.

Sasa kaa chini nikwambie. Haukumfaa. Na kosa si lako, usije ukalibeba. Ni langu peke yangu. Mchujo wa timu ya taifa ya vijana ulikuwa jana, na kwa Sindano huu ndio ulikuwa mwaka wa mwisho, mwakani atakuwa amevuka umri. Unajua mtoto huyu alivyoililia timu hiyo tangu alipokuwa hakifikii kitasa cha mlango wa duka. Nitafika kwenye jana, lakini niache nianzie nyuma, maana nikianzia jana sitamaliza.

Unakumbuka tulivyohangaika kuuchagua. Uliniambia muuzaji wa huko alikuuliza maswali kama daktari: mtoto anavutia mkono gani, anaweza uzito gani, ni wa kuwindia au wa mashindano? Mimi nilidhani upinde ni kijiti na kamba. Kumbe huu wa magurudumu, wenye vigurudumu viwili kwenye ncha na nyaya zinazopishana, ni mashine kamili, una mambo mengi kuliko cherehani yangu. Kocha wake wa klabuni akanifundisha kwa maneno machache, kama kawaida yake. Chukua mrefu, ule mfupi ni wa kuwindia na hautulii mkononi. Paundi arobaini zinamtosha, usimtafutie sifa. Na rangi haipigi shabaha. Hilo la rangi alilisema kwa sababu yangu, maana nilishakuagiza unitafutie mwekundu.

Likabaki jambo moja, urefu wa mvuto. Upinde wa magurudumu una kikomo chake. Ukivuta, unafika mahali unagota kama umefika ukutani, na pale ndipo mpigaji anatulia na kulenga. Kikomo kikiwa kifupi anajikunja, kikiwa kirefu anajinyoosha mpaka hajui mwili wake uko wapi. Ni lazima kiwe cha mwenyewe, hakiazimwi. Kocha alikuwa safarini, lakini aliniachia maelezo kwenye karatasi: mtoto atanue mikono, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawanya kwa mbili na nusu. Na wewe ulikuwa umesimama dukani kwa watu, simu mkononi, unasubiri namba yangu.

Kupima! Mimi ninayepima watu tangu nina meno ya utoto. Nikamsimamisha Sindano katikati ya duka, nikanyoosha tepe. Inchi sitini na tano. Nikagawanya, ishirini na sita. Nilipima sawasawa, Mungu ni shahidi. Halafu nikakuandikia ishirini na nane.

Wewe unajua kwa nini, kuliko mtu mwingine yeyote. Marehemu baba alitushonea nguo za kukulia maisha yetu yote. Lile gauni lako la shule mikono yake ilifunika vidole, wenzako wakakupa jina ambalo mpaka leo sote tunakuita, na ulipokuja kulia baba alisema neno moja tu, "Utakua." Mimi nimerithi meza yake, mkasi wake na ugonjwa wake. Sijawahi kumshonea mtoto sketi bila kukunja vidole vinne vya kitambaa ndani ya pindo. Zile inchi mbili mkono wangu uliziongeza kabla sijauuliza. Wala sikuona kama nimefanya jambo. Niliona nimekuwa baba mwema.

Siku sanduku lilipofika nyumba haikukalika. Mwekundu kweli! Mama akaugusa kwa kidole kimoja na kuuliza kama unauma. Sindano aliukumbatia akalia, na mimi nikatoka nje kujifanya nafagia. Kesho yake akaupeleka klabuni, na ule wa zamani wa klabu aliokuwa akiutumia, uliobanduka rangi lakini uliokuwa wa kimo chake, kocha akampa binti wa kinyozi. Ndio utaratibu wao, mwenye upinde wake haazimwi wa klabu.

Tangu hapo kila nikimuuliza anaendeleaje ananijibu, "Vizuri, Baba." Wiki sita nzima, vizuri Baba.

Siku mbili baada ya barua yako kufika akaja dukani kuniomba nimshonee blauzi ya mikono mirefu. Kwa joto lile la kukaa na beseni la maji miguuni! Nikamwambia anyooshe mkono nipime, akanyoosha wa kulia. Nikataka na wa kushoto. Akasema ya nini, si inalingana? Nikauvuta mwenyewe. Ndani, chini ya kiwiko, pamevilia damu upana wa kiganja, zambarau katikati na kijani pembeni. Uzi ulikuwa unamchapa kila akiachia mshale.

Nilikwenda klabuni na tepe shingoni, duka nimeliacha wazi. Kocha hakushangaa kuniona.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Nimeurudisha mpaka mwisho wake. Ishirini na saba na nusu, chini ya hapo hauendi. Juu unakwenda mpaka thelathini."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Aliniomba nisikwambie."

Umesikia hiyo? Juu unakwenda mpaka thelathini. Nilitaka upinde wa kukulia, na nilipewa.

Nikaubeba mpaka dukani, nikaulaza juu ya meza ya kukatia na kuanza kutafuta pa kufumulia. Nilimpigia kocha kumuuliza waya upi unalegezwa kwanza. Mtu yule sijawahi kumsikia akipaza sauti, lakini siku hiyo simu ilitaka kupasuka. "Usiguse hizo nyaya! Zikifyatuka zinakutoa jicho!" Nikarudisha koleo. Nikakaa kwenye kiti, nikautazama. Miaka yote watu wananiletea vitu visivyowatosha na mimi nawaambia njoo Alhamisi. Huu sikuwa na Alhamisi ya kuupa.

Nikuombe uubadilishe? Sanduku lilichukua wiki saba kufika, na zilizobaki hazikufika wiki tatu. Nikafikiri niende kwa kinyozi nimwombe binti yake arudishe ule wa klabu, hata kwa siku moja. Nilifika. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti, nikanyolewa, nikaaga nikarudi. Yule naye ni mtoto wa mtu, na mchujo ni huo huo.

Nilichoweza ni kumshonea kinga ya mkono, turubai nje na sponji ndani, kamba tatu za kufungia. Nilishona mishono mizuri sana. Huwezi kuamini jinsi mtu anavyoweza kushona vizuri kitu ambacho hakitasaidia.

Sasa hiyo jana. Wasichana kumi na wawili, wanatakiwa wanne. Mita hamsini, mishale sabini na miwili, wanapiga sita sita kisha wanakwenda kuichomoa. Mimi na wifi yako tulikaa benchi la nyuma. Raundi za mwanzo Sindano alikuwa wa tatu, nami nikaanza kujidanganya kwamba labda mwili umezoea, labda kocha ametia chumvi. Ikafika ya saba, uchovu ukaingia. Nikaona anaegemea nyuma ili aufikie ule ukuta, kidevu kimeinuka, uso unautafuta uzi na uzi uko kwingine. Nilijikuta nimejikunja pale kwenye benchi, nasukuma mabega mbele kama vile nitamrudisha mahali pake. Wifi yako akanishika goti. "Tulia, Baba Sindano. Mshale haukusikii."

Nikatulia. Nilihesabu kila mmoja mpaka wa sabini na mbili, na hakuna hata mmoja nilioweza kuusaidia.

Akawa wa sita. Pointi tisa nyuma ya wa nne. Binti wa kinyozi amekuwa wa pili, na Sindano alimkumbatia akamsaidia kubeba podo lake la mishale mpaka kwenye meza ya majina. Kocha alinipa mkono, akaushika kwa muda.

Tulirudi kwa miguu, wifi yako ametangulia, sanduku la upinde tumelishika mimi na mtoto, kila mtu upande wake. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa ni langu. Nilipima sawa, nikaongeza."

"Najua, Baba. Nilikuona ukiandika."

"Uliona? Na hukusema? Wiki zote hizo unachapwa na hukusema?"

Tulipita duka la dawa, tukapita fundi viatu. Kisha akasema, "Nguo zako zote huwa zinanitosha baadaye. Nilikuwa nasubiri nikue."

Dada, tulipofika nililichukua sanduku peke yangu nikaliingiza ndani.

Leo asubuhi nimechukua sketi yake ya shule niipige pasi, nikafunua pindo. Vidole vinne vipo vilevile, kitambaa bado kipya, hakijawahi kuona jua. Nikafungua daftari la vipimo. Miaka miwili sasa kila muhula nampima na kuandika namba ileile, na kila muhula namkunjia pindo akue. Namba zilikuwa mbele ya macho yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nimekaa na ile sketi mapajani mpaka pasi ikapoa.

Sikuombi upinde mwingine, wala usijinyime tena, nakusihi. Kocha anasema yuko dada mmoja mrefu pale klabuni ambaye huu ungemkaa sawa, na Sindano ndiye atakayeamua. Anasema pia mwakani anaweza kuingia na wakubwa. Labda. Kwa upinde upi hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Ila kuna jambo moja sijui nilifanyeje. Sindano anataka kukuandikia kukuomba radhi, eti amepoteza zawadi yako. Nimemwambia hana kosa, akanijibu, "Sawa, Baba," kwa sauti ileile ya vizuri Baba. Barua yake ikikufikia, tafadhali mjibu wewe. Labda atakuamini, nawe uliwahi kuvaa gauni lile. Mimi maneno yangu hayamtoshi.

Nisalimie shemeji, mwambie suruali yake nimeimaliza na safari hii kiuno kinafunga. Wabusu pacha wote wawili, na asipewe mmoja zaidi ya mwenzake maana habari zitanifikia. Mama anakusalimu, wifi yako anakusalimu na anasema uchue mgongo kwa maji ya moto. Sindano yuko uani anafua, hajui naandika nini, lakini salamu zake zipo siku zote.

Mungu akulinde huko uliko, akupe nguvu za kazi na watu wema wa kukaa nao, na atuonyeshe tena nyuso zetu tukiwa wazima.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda ingawa sijui kukuonyesha ila kwa uzi na sindano,

Fundi

N.B. Uliomba vipimo vya lile koti la baridi unalotaka kumtumia Sindano. Nimempima leo mara mbili, wifi yako akisoma tepe badala yangu. Mabega inchi kumi na tano. Kifua thelathini na mbili. Mkono ishirini na mbili. Muuzaji akikushauri uchukue kubwa kidogo, kataa. Sijaongeza kitu. Mtoto amekwisha kukua.