Kufa kwenye Simu ya Upepo

Jumatatu, 7 Juni 1976

Nimekufa tena. Kiu, safari hii. Nilikuwa karibu kabisa na mto, kibuyu kikapasuka, nikajidanganya kwamba nitafika hivyo hivyo. Sikufika. Mzee Othmani akanitangazia kifo changu kutoka Iringa kwa sauti ile ile anayotangazia lori lililokwama Makambako. Hana haya yule mtu.

Kesho naanza upya — lango la Iringa, kibuyu, kisu, kipande cha chumvi. Basi. Kila nilichochuma tangu masika kimekwenda.

Dada Yudith wa masijala kaniuliza nani kaniudhi. Nikamwambia nimekufa kwa kiu. Akanisogezea chai.

Jumanne, 8 Juni

Baridi ya Mbeya leo inauma mpaka kwenye meno. Nimeshinda na kanga mbili juu ya sweta.

Nikija kusoma haya nikiwa bibi kizee nisije nikadhani nilikuwa na kichaa, kwa hiyo niyaweke sawa. Kampuni yetu ina malori na stesheni nne za simu ya upepo. Iringa yuko Mzee Othmani. Chimala yuko Seni. Madibira yuko Ambrosi. Mbeya niko mimi, Zuena. Alasiri, tukishamaliza taarifa za malori, hewa inabaki tupu mpaka ofisi zifungwe. Hapo ndipo tunaposafiri.

Ni safari ya wapagazi wa zamani. Tunatoka Iringa kwa miguu, tunavuka Ruaha, tunakwenda Ziwa la Chumvi. Ziwa lenyewe Mzee Othmani kalibuni kichwani. Ramani kaichora nyuma ya kalenda kuukuu na hakuna aliyewahi kuiona. Wewe unasema unafanya nini. Yeye anarusha kauri nne mezani — tunazisikia zikilia kwenye spika — kisha anakwambia yaliyokupata. Zikilala zote kifudifudi, umekufa, na mzigo wako unabaki pale pale ulipoangukia. Haombwi, habembelezwi. Ziwa hakuna aliyeliona. Mto wenyewe hakuna aliyeuvuka.

Mimi nataka kuwa wa kwanza. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 11 Juni

Niko hai! Nimepita nyika yote kwa mafungu mawili ya maji. Kibuyu kipya nacho kikapata ufa, nikakishona kwa uzi wa gome na kukipaka nta. Ambrosi alinishauri nikitupe, nikakataa. Ambrosi mwenyewe kafa jana kwa nyoka, ushauri wake wa nini.

Jumatatu, 14 Juni

Seni kafa. Loo, Seni!

Alifika mtoni kabla yangu. Mwenye mtumbwi alitaka chumvi yote aliyokuwa nayo, Seni akaona ubahili mtamu, akasema atavuka kwa miguu. Kauri zikalia. Kisha Mzee Othmani: "Chimala, mamba. Mzigo umezama katikati ya mto. Ovari."

Sasa Seni ni Msukuma, baba yangu Mzigua. Watani. Mtani akifa kazi ya kumzika ni yangu na ya kumcheka ni yangu. Nikaanza pale pale. Nikalia kwa sauti, nikasema mamba kajuta, nyama yote ni maziwa mgando. Nikasema nimeshuka kaburini, nimelala humo, sitoki mpaka nilipwe haki yangu ya utani. Ambrosi alikuwa hoi. Hata Mzee Othmani nilimsikia akikohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko.

Seni akajibu taratibu, maana yeye hana haraka hata akiwa maiti: "Mtani, ng'ombe zangu hupati. Chukua mzigo ule. Njuga zangu zimo. Uko chini ya maji, kachukue."

Kwa hiyo mzigo ni wangu. Nimelipwa. Ila umelala mtoni.

Jumatano, 16 Juni

Makubwa. Nacheka na naona aibu, sijui kipi zaidi.

Jumatatu ile Ambrosi alikuwa kaweka spika dirishani kwa ajili ya joto la Madibira. Nje walikaa wakulima wanangoja lori la mpunga. Mmoja wao Mzee Bujiku, mjomba wa Seni! Akasikia mpwa wake kaliwa na mamba. Inasemekana mwanzo hakuamini, alidhani ni mchezo wa vijana. Kisha akanisikia mimi nikilia na kucheka na kudai haki kaburini. Hapo akaamini. Nani anadai haki ya utani kwa mtu aliye hai?

Wakapanda lori na unga, jogoo na wanawake watatu wa kulia. Wakafikia kwa Helena, dada yake Seni, pale Chimala. Helena akaanguka chini. Majirani wakajaa, moto ukawashwa uani.

Jana saa saba Seni akarudi nyumbani kula, kofia kichwani, akauliza nani kafa.

Mjomba alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku, kisha akamzaba kibao. Akasema jogoo amesafiri mbali na hawezi kurudi naye. Wakamchinja. Seni anasema ugali wa msiba wake ulikuwa mtamu, ila Helena mpaka leo hamwongeleshi. Hilo limenichoma. Nimempelekea Helena salamu za kumwomba radhi kwa dereva.

Ijumaa, 18 Juni

Meneja kashuka mwenyewe Iringa kwenye chumba cha simu. Nilijua tumekwisha.

Kasema taarifa za malori kwanza, kama siku zote. Kasema kuanzia leo mtu asife hewani kwa jina lake. Kisha — Mzee Othmani ndiye aliyetusimulia — kasimama mlangoni, kauliza kwa sauti ya chini kama kweli hakuna aliyewahi kuvuka huo mto.

Tumejipa majina. Seni ni Bwana Mamba. Ambrosi ni Mtwa, yaani mtemi, wa Madibira, kwa vile yeye Mhehe na Wahehe hawajui kujishusha. Mimi ni Mama Kibuyu.

Mama Kibuyu yuko ukingoni. Anauona mto. Leo nilifungua mdomo nivuke, nikaufunga. Nimepiga kambi.

Jumatatu, 21 Juni

Mzee Othmani kaenda likizo, dada yake anaozesha Pangani. Ramani na kauri kamwachia Tadeo, karani mwenzake. Tadeo kijana mpole, sauti kama padri. Kasema amekuwa akitusikiliza muda mrefu na anatuhurumia.

Leo kaweka daraja juu ya Ruaha.

Daraja! La mbao, tena lina vishikio. Nimevuka na mzigo wangu kichwani, nguo hazikulowa. Nilipiga kelele hadi Yudith akaja mbio. Wa kwanza kuvuka ni mimi!

Ambrosi alifuata nyuma yangu, dakika ile ile. Na Bwana Mamba.

Alhamisi, 24 Juni

Tumefika Ziwa la Chumvi, wote. Mama Kibuyu ana punda, wapagazi na mahema. Kauri zikilala kifudifudi Tadeo anasema umejikwaa, pole, inuka.

Alitaka pia kumrudishia Seni mzigo wake. Eti maji yameutupa ufukweni. Seni kakataa. Kasema ule kamlipa mtani, na wa kuokotewa haumfai hata mtani.

Nimefurahi alivyosema vile. Sijui kwa nini nimefurahi sana.

Jumanne, 29 Juni

Nimepewa punda wengine. Sikumbuki walikuwa wangapi kabla.

Ijumaa, 2 Julai

Hakuna aliyeita leo. Taarifa za malori zimekwisha mapema, spika ikakoroma peke yake mpaka jioni. Nimesuka ukili.

Jumapili, 4 Julai

Nimekwenda kwa Yudith, tumekaa jikoni kwake tunachambua mboga za maboga. Kaniuliza mbona nimepooza. Nikamsimulia yote, daraja, punda, ziwa. Akasema sasa si umepata ulichotaka?

Nikajikuta namweleza habari za kibuyu. Ufa ulivyokuwa mrefu, gome nililitoa mti gani, nta niliinunua kwa nani na alivyonipunja. Namweleza mpaka mikono inachora hewani. Punda siwajui hata rangi. Kibuyu nakijua kama kisigino changu.

Yudith akasema basi rudi kwenye shida zako, mtoto wewe, maana ukiwa nazo ulikuwa unaimba.

Niliimba? Kumbe.

Jumatatu, 5 Julai

Mzee Othmani karudi! Kasalimia, kasoma malori, kikohozi, kisha: "Nani kajenga daraja kwenye mto wangu?"

Tadeo kasikika kwa mbali akijitetea kwamba watu walikuwa wanateseka. Nikabonyeza kitufe nikasema Mzee, tulikuwa tunateseka vizuri. Ambrosi akasema kweli kabisa. Maskini Tadeo. Lakini Seni kamfundisha kujitengenezea mtu wake, na sasa naye anatembea. Kafa kabla ya saa kumi — kakanyagwa na kiboko. Akauliza kama anaruhusiwa kuanza tena leo hii. Nimempenda hapo.

Jumanne, 6 Julai

Mvua imenyesha milimani, kasema Mzee Othmani. Mto umejaa, daraja limekwenda. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Kisha akatoa hukumu. Waliovuka kwa daraja, walichopata ni chao, hampokonyi mtu. Wakitaka wakae ng'ambo na utajiri wao, wamefika, hongera, wapumzike. Anayetaka kutembea tena, arudi kwa njia aijuayo.

Ambrosi katupa kila kitu, anaanza langoni na kisu. Seni vilevile, akaungana na Tadeo.

Mimi nimeomba muda. Mama Kibuyu hajafa tangu Juni. Hakuna mtu wangu aliyewahi kuishi hivi. Namwonea huruma, nasema ukweli. Nikimwacha ziwani hatakufa kamwe. Na hatafanya lolote.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba, ofisi zimefungwa. Ngoma uwanjani toka asubuhi. Kulikuwa na wachezaji wa Kisukuma kutoka Usangu, njuga miguuni, vumbi mpaka magotini. Nimesimama kwenye jua nasikiliza zile njuga mpaka shingo ikaniuma.

Nimeamua.

Alhamisi, 8 Julai

Naandika hapa hapa mezani, simu iko wazi.

Malori yote yamesomwa. Nimesema: Mama Kibuyu anawaachia wapagazi punda na mahema. Amerudi mtoni na kibuyu chake na kisu. Anaingia majini kufuata haki yake ya utani.



Mzee Othmani akaniuliza kama najua maji yamejaa. Nikasema najua. Akauliza mara ya pili, hajawahi kufanya hivyo na mtu. Seni akaingia katikati, kwa haraka isiyo ya kwake: "Mtani, iache. Mzigo ni njuga tu. Wewe umekaa sana hai, usife kwa kitu changu."

Nikamwambia ni changu, nilikuzika mimi. Na nikifa nakutaka wewe kaburini, na usitoke bure. Akacheka. Kile kicheko cha chini. Akasema Jumamosi anakuja Mbeya na lori, iwe nimekufa au niko hai, na mjomba kampa jogoo.

Nimesema tu ovari, kama anayemaliza taarifa ya lori.

Nimempeleka Mama Kibuyu. Maji ya magoti. Ya kiuno. Kibuyu kimefungwa kifuani, kimezibwa, kinamwelesha. Mzee Othmani anataka nimwambie nashika wapi, nakanyaga nini, na nimemjibu kila kitu, maana kila kitu nakiona. Kapiga mbizi. Mzee kasema mkono umegusa kamba ya mzigo.

Kisha kauri. Nimezisikia zikianguka. Moja, mbili, tatu...

Halafu mlio wa bati, na kiti kikisogezwa.

"Mbeya, subiri. Tatu zimelala kifudifudi. Ya nne imeviringika chini ya kabati."

Anaitafuta. Namsikia anahema, Meneja naye yuko mle chumbani, anamwambia usiiguse Othmani, usiiguse, leta tochi. Yudith amekuja kasimama nyuma yangu na birika mkononi, chai inapoa.

Kidole changu kiko juu ya kitufe. Naimba. Nimejisikia sasa hivi tu kwamba naimba.

Wameipata tochi —