Nimemchora Baba Kama Kobe, na Watu Wote Wanamcheka

Bibi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya Ijumaa, maana baada ya hapo sijui kama nitakuwa na uso wa kumtazama baba yangu.

Mimi ni mwandishi wa ile katuni ya watu wazima inayoonyeshwa kwenye televisheni kila Ijumaa jioni, ile ya wanyama wanaofanya kazi katika ofisi ya vibali, na kazi yetu ni kuchekesha huku tukisema yale ambayo watu wanaogopa kuyasema, foleni isiyosogea, bosi anayesinzia, faili linalosemekana limepotea nalo liko chini ya kiwiko cha karani, na katika wanyama wote anayependwa kuliko wengine ni Karani Kobe, yule mwenye miwani puani, ambaye kabla ya kugonga muhuri huupulizia pumzi, "haa!", halafu anaurudisha mezani bila kugonga na kusema, "Rudi kesho, na picha mbili."

Bibi, huyo kobe ni baba yangu mzazi. Alikaa dirishani katika ofisi kama hiyo miaka thelathini na moja, na hayo maneno ni yake.

Kosa langu lilianza hivi. Katika kazi yetu sauti hutangulia na picha hufuata, yaani tunarekodi kwanza, ndipo wachoraji wanachora mdomo uifuate sauti, sasa mimi nilimrekodi baba kwa simu tukiwa mezani bila yeye kujua, akimsimulia mama, huku akikohoa, alivyokuwa akiwakomesha watu pale dirishani, nia yangu ikiwa mwigizaji asikilize tu aige, lakini siku ya kurekodi mwigizaji akaamka hana sauti, fundi sauti akasema tuweke ya mzee ishike nafasi, wachoraji wakachora kobe akaifuata, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Tangu hapo mwigizaji amekuwa akimwiga baba, lakini katika kile kipindi cha kwanza kinachorudiwa kila mara, kikohozi mnachokisikia ni cha baba mwenyewe.

Na mpenzi namba moja wa katuni hiyo ni yeye! Kila Ijumaa anasogeza kiti mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Huyu mjinga namjua," ananiambia, "tulikuwa naye, dirisha la nne!" Siku ya kikohozi alimgeukia mama akasema, "Mke wangu, hebu sikia, maskini ana kifua kama changu." Mama akanitazama mimi, akaenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa. Kinyozi wa mtaani kwao kila akimwona anampigia "haa!", na baba anacheka naye, akidhani mwenzake kapenda tu katuni.

Ijumaa hii Karani Kobe anastaafu. Anapanga viti arobaini kwa ajili ya sherehe ya kuagwa, na hakuna hata mmoja anayekuja, anabaki anapulizia muhuri peke yake. Niliandika mimi, na sikubuni. Baba alipoagwa alipanga viti arobaini kwa mikono yake katika ukumbi wa ofisi, wakaja watu watatu, mlinzi, mfagiaji na mama, na mama ndiye aliyenisimulia kesho yake kwa simu. Nilipoisoma sehemu hiyo mbele ya wenzangu, walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Bosi anasema hatujawahi kuwa na kitu kizuri kama hiki, na kwamba kejeli isiyouma ni tangazo la sabuni.

Nikiiondoa, nitajiona mwoga niliyekimbia ukweli. Nikiiacha, baba atajijua mbele ya watu wote. Niitoe, au niiache?

Mimi mchekeshaji nisiyecheka.

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako mkaza mwanangu amenisomea mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikanyamaza. Nianze na kicheko.

Hiyo katuni yenu naitazama. Kusoma sikujaliwa, lakini kobe mwenye miwani hahitaji kusomwa. Alipofariki mume wangu nilisimama kwenye dirisha kama hilo siku tatu, natafuta karatasi moja tu, na aliyekaa ndani alipuliza muhuri hivyo hivyo. Nilipomwona kobe wenu nilicheka mpaka kilemba kikaanguka, kwa mara ya kwanza nikahisi kuna mtu alikuwa nyuma yangu kwenye ile foleni. Kwa hiyo usimtoe. Baba yako aliwasumbua watu. Haki ni msumeno, hukata mbele na nyuma, hata kwenye nyumba ya mwenye msumeno.

Sasa hasira. Kumrekodi mzazi akiwa anakula ni wizi, wala usiupambe. Mtu aliyekaa mezani na mwanawe hajui kwamba yuko kazini.

Na muhuri na viti si kitu kimoja. Muhuri ulituumiza sote, ucheke mpaka ofisi zione haya. Viti ni vya baba yako peke yake. Ukimcheka mtu kwa jeuri yake, huenda akajirekebisha. Ukimcheka kwa upweke wake, atarekebisha nini? Umemvua nguo tu, na ukimvua nguo mzazi, aibu unaivaa wewe. Huyo bosi wako mwambie sabuni nayo huuma ikiingia machoni, ila kazi yake ni kutakatisha.

Fanya hivi. Nenda kwao leo. "Rudi kesho" ni maneno ya baba yako, usiyarithi. Mama yako awepo. Mwonyeshe kipande hicho wewe mwenyewe, kisha umwambie kwa mdomo wako, "Baba, huyu ni wewe." Ukishasema, funga mdomo. Nyinyi wachekeshaji kimya kinawawasha, mnakitupia mzaha. Kiache kikae. Akikufukuza, toka, zunguka nyumba, ingia tena. Akisema kitolewe, kitatolewa, bosi apende asipende. Akisema kibaki, basi kibaki kwa ruhusa yake, na akitaka kukohoa tena, akohoe akijua.

Mimi lakini nadhani anajua. Nani asiyekijua kikohozi chake? Aliposema "ana kifua kama changu" alikuwa anakufungulia mlango, mwanangu, nawe ukabaki nje unatazama televisheni.

Imebaki ile mara ya tatu. Mlinzi, mfagiaji, mama yako. Nimewahesabu kwa vidole, wakawa watatu. Nikamwambia mkaza mwanangu, rudia hapo, huenda umeruka mstari. Hakuruka.

Wewe ulikuwa wapi siku hiyo?

Usinijibu mimi. Lakini sasa naelewa kwa nini katika katuni yako hakuna aliyekuja hata mmoja. Hao watatu ungewachora ungekosa pa kujificha.

Kwa hiyo ukifika, usisimame mlangoni umekumbatia kompyuta kama mtu aliyeleta maombi dirishani. Vuta kiti, ukae karibu naye. Umechelewa, lakini kiti chako hakijakaliwa na mtu.