Neno Nililomfasiria Mke wa Shabani

Kambi ya Barabara,
Mikumi.

Baba mpendwa,

Shikamoo, baba. Na mama pia naomba anipokelee shikamoo yake. Mimi mwili hauna ugonjwa, namshukuru Mungu, na natumaini mguu wa mama umepona. Nimesikia viwanja vya kijiji kipya vimeanza kugawiwa huko Lumuma. Kama mmekwishahama nijulisheni, nisije nikabisha hodi kwenye nyumba tupu.

Nimekaa kimya miezi miwili. Si uvivu, baba. Kuna jambo limenipata, na kila nikishika kalamu nakosa pa kuanzia.

Kazi yangu unaijua: naandika mahudhurio ya vibarua, na mhandisi wetu Mzungu akisema, mimi ndiye mfasiri. Tulikuwa na dereva wa tipa, Shabani, mtu wa Masanze, mpole, hakosi swala. Siku hiyo alikuwa amepeleka kokoto kambi ya pili, milimani upande wa Iringa. Kama saa nne asubuhi mkewe, Mwanahawa, akaingia ofisini na mtoto mgongoni. Hajawahi kufika Mikumi. Alimletea mumewe unga na karanga.

"Kaka, namuulizia Shabani."

Mhandisi alikuwa kwenye simu ya upepo, anaongea na kambi ya pili. Nikamwambia huyu ni mke wa Shabani, anamtafuta. Akamtazama yule mama, akanitazama mimi, akasema taratibu: "I'm afraid he's gone for a Burton."

Baba, niliyajua maneno yote isipokuwa hilo la mwisho. "Gone for" si kwenda kuchukua? Burton nikadhani ni Mzungu mgeni. Nikamgeukia Mwanahawa: "Amekwenda kumpokea mgeni."

Akatabasamu. Mhandisi akaniambia nimuulize anataka kufanyaje.

"Nitamsubiri hapa hapa," akasema.

Nikafasiri kwamba atasubiri. Mhandisi akashusha pumzi, akarudi kwenye simu yake.

Alisubiri siku mbili. Alifua mashati ya Shabani, akayaanika nyuma ya banda la madereva. Jioni alipika ugali, akaufunika, akakaa mlangoni anaangalia barabara. Mimi nilimpita mara kadhaa na kumwambia asihangaike.

Siku ya tatu madereva waliokuwa kambi ya pili wakarudi. Wakaja moja kwa moja kwangu kuuliza kwa nini ndugu wa Shabani hawakufika mazikoni. Breki za tipa zilikatika mteremkoni, akafa palepale. Walitaka kumngojea mkewe, lakini mhandisi akawaambia kwa simu kwamba mjane amechagua kubaki Mikumi. Wakamzika.

Nilipogeuka, Mwanahawa alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la nguo.

Nilikwenda kwa mhandisi, nikamuuliza neno lile maana yake nini. Uso ukamwiva. Akasema ni neno la vitani, zamani alipokuwa askari wa ndege. Mwenzao akiruka asirudi, walisema hivyo, maana hakuna aliyetaka kutamka kwamba amekufa. Hata chombo kikivunjika kabisa husemwa hivyo. Asili yake haijui vizuri. Wengine hudai Burton ni pombe, kwamba mtu katoka kwenda kunywa. Siku hizi hata kwao wanaolitumia ni wachache. "Nilitaka kusema kwa upole," akaniambia. Katika kamusi uliyonipa nimelitafuta, halimo.

Alitoa Landrova, nikampeleka Mwanahawa kaburini. Tulipofika akaniuliza:

"Kaka, siku ile ulielewa alichosema?"

"Sikuelewa, dada."

"Mbona hukumuuliza?"

"Niliona haya."

Ukweli ndio huo, baba. Hapa kambini wananiita msomi. Niliona haya kumwambia Mzungu sijui, na mtu anasikia. Mwanahawa akapiga magoti, akaanza kusawazisha udongo kwa viganja vyake, na mtoto analia mgongoni.

Niliomba ruhusa, nikamsindikiza mpaka Masanze. Sikutaka mwingine anisemee. Nilimwambia baba yake Shabani, Mzee Salehe, mbele ya jamaa zake: "Mzee, Shabani amekufa, na mkewe amekosa mazishi kwa kosa langu."

Mzee akamtaja Mungu, akanisogezea mkeka. "Umekuja mwenyewe," akasema. "Kaa, ule."

Asubuhi nilikwenda kumuaga Mwanahawa, naye yuko ndani, ameanza eda. Nikasema kwaheri mlangoni, nikarudia. Nilimsikia akimbembeleza mtoto. Hakuniitikia, na simlaumu.

Sasa neno likinishinda nauliza, hata vibarua wakinicheka.

Msalimie dada Eliza na wanawe, baba mdogo Mikaeli mpiga kengele wa kanisa, na shangazi Dorika. Mama umweleze polepole, usimfiche. Nasikia barua zangu za nyuma uliwasomea wanafunzi wako wa darasa la saba, waone Kiingereza kinamfikisha mtu wapi. Hii nayo wasomee, baba. Usiruke mahali.

Ni mimi mwanao,
Yohana