Injini Isipande Gari la Jumamosi

Mbagala, Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unasemaje? Na yale matone ya macho uliyopewa hospitali unayatumia, au umeyaweka juu ya kabati ukisubiri macho yapone yenyewe? Usipa unapatikana ziwani, au mbalamwezi imeufukuza? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umechafuka. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hiyo ukiona matundu usidhani ni panya.

Najua anayekusomea ni Otmar, maana ndiye mtoto uliyebaki naye hapo nyumbani. Basi Otmar, mdogo wangu, shika karatasi vizuri usome kila neno. Mama Benigna aliyeileta barua hii asiondoke mpaka iishe. Ni jirani yangu hapa, anakuja Mbamba Bay kumwona binti yake aliyejifungua, na mimi nimeshamsomea yote kabla sijaifunga. Ukiruka hata mstari mmoja atakusema mbele ya Mama. Mama, mpe mgeni kiti, mpe na chai.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati watu wana simu. Simu yako iliangukia ziwani siku ile unaosha usipa, na simu ya Otmar haipokelewi tangu Jumapili. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana. Anaona jina langu anaiacha iite mpaka ichoke. Mkewe naye nilipompigia akaniambia "wifi, hayupo", na huku namsikia Otmar anakohoa pembeni. Haya, sasa kohoa.

Mama, ni injini ya boti. Otmar amekwambia Jumamosi anaipandisha gari kuipeleka Songea kwa fundi, sivyo? Muulize fundi huyo anaitwa nani. Muulize sasa hivi, kabla hajaendelea kusoma.

Hakuna fundi. Ameiuza. Aliipiga picha ikiwa imelazwa juu ya mkeka wako, akaitupia mtandaoni kwenye kundi la watu wanaouza vitu vilivyotumika, kwa sababu amechoka na ziwa, anataka pikipiki abebe abiria kwenda Mbinga. Injini ile, Mama! Uliinunua kwa usipa wako, kiroba kwa kiroba, wewe na mchanga wako kwenye nywele, na mwaka huo hukushona hata gauni la Krismasi. Ndiyo inayowalisha hapo mpaka leo. Halafu mtoto mzima anakudanganya habari za fundi. Aibu, Otmar! Soma tu, usinung'unike.

Mimi nisingejua. Alinipigia mwenyewe Jumapili baada ya misa, sauti imejaa furaha kama mtu aliyepata mtoto. "Dada, nimepata mteja wa injini, ila Mama nimemwambia inakwenda Songea kwa fundi. Mtu wa nyumbani kabisa, wa Mbinga, sema anafanya kazi Njombe. Hata bei hakubishana! Amesema tufanye kama usipa na maharage, mimi nipandishe, yeye atashusha. Namshushia Makambako."

Maneno hayo nilishayasikia, neno kwa neno, mpaka hiyo Makambako. Na mtu aliyeniambia ndiye mwenye cherehani yako sasa hivi, Mama.

Ndiyo. Cherehani yako ya kukanyaga. Otmar, hapa soma polepole na usichekelee, maana sasa ni zamu yangu.

Siku naondoka nyumbani uliifunga kwa kitenge chako, ukaniambia, "Winfrida, hata ukiacha kushona, hii usiiuze." Nilisema sawa, Mama. Nimeishonea miaka yote hii. Lakini hapa mjini wateja wanataka nguo leo leo, na mwaka huu nilipata ya umeme, ya kwako ikabaki kwenye kona ya fremu yangu ya duka inawekewa vitambaa juu. Nikajiambia, Mama yuko mbali, hatajua. Nikaipangusa, nikaipiga picha, hata ile alama ya pasi kwenye meza niliigeuzia ukutani ili isionekane, nikaitupia mtandaoni kwenye kundi lile lile. Nilikuwa natenda kosa huku najua ni kosa. Unisamehe kama utaweza. Kama huwezi, nitaelewa.

Jioni ile ile akaniandikia huyo mtu. Alijiita Raymondi. Kwenye picha yake kulikuwa na kanisa, hakuna uso, kanisa tu, na mimi mjinga nikaona loo, mcha Mungu huyu. Akaniuliza, dada wa wapi? Nikasema Mbamba Bay. Akasema, "Aa, kumbe ni ndugu! Mimi wa Mbinga, nimekuzwa na usipa wa kwenu." Basi, Mama, mimi nikafunguka. Mtu umekaa mjini miaka, hakuna anayejua hata usipa ni nini, wanakwambia si ndiyo dagaa, halafu anatokea mmoja anajua! Nilimwandikia mambo mengi kuliko ninayokuandikia wewe. Nilimweleza jinsi alfajiri unavyofunga kiroba cha usipa na kumkabidhi konda, unamwambia tu "kwa Gaudensia", na gari linapanda milima kwenda Mbinga. Hakuna karatasi, hakuna kupigiana simu. Kesho yake au keshokutwa maharage yanashuka kutoka kwa Bi Gaudensia, debe limejazwa kwa kilima juu. Nikamweleza na ule mwaka mvua ilipokata barabara, maharage yakachelewa wiki mbili, na yalipokuja yakaja na mkungu wa ndizi wa kuombea radhi. Nilicheka nikiandika. Nilijisikia nyumbani.

Siku mbili baadaye akanirudishia maneno yangu. "Dada, sisi ni watu wa nyumbani, tufanye kama usipa na maharage. Wewe pandisha, mimi nitashusha."

Mama, ningemwambia nini? Umenilea humo. Kumwambia mtu kama huyo "nitumie hela kwanza" ningejiona nimemtukana mama yake. Nikaifungua meza, nikafunga kichwa cha cherehani kwenye boksi na meza kwa kamba, nikampa konda wa basi la Njombe. Kufika Makambako, mtu akaja akataja jina langu na rangi ya kamba niliyofungia, akapewa mzigo. Jioni ikaja meseji eti nimepokea pesa. Nikaangalia salio, hakuna kitu. Nikaitazama tena ile meseji, imetoka kwenye namba ya simu ya kawaida kama ya kwako na yangu. Nikamwuliza. Akasema mtandao unasumbua, nivumilie mpaka kesho, halafu akamalizia, "Msalimie Mama." Mama! Msalimie Mama! Kesho yake namba haipatikani, na lile kanisa limeondoka kwenye picha.

Nilikwenda polisi, wakaandika. Nilikwenda kwa konda, nikamtukana mtu wa watu asiye na kosa, ikabidi nirudi kesho yake kumwomba radhi. Mafundi wenzangu hapa walicheka mpaka wakashika mbavu, eti Winfrida kaingizwa mjini na huku mjini anaishi. Nilitaka kumpiga mtu na pasi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kila kitu kilikuwa wazi. Wewe Mama, mtu akija kununua usipa wako asiingize mkono mpaka chini ya kiroba kutafuta mchanga, si unamshangaa? Huyu hakuingiza mkono popote. Hakuuliza kama inaruka uzi. Hakuuliza kwa nini naiuza, wala upande wa pili wa meza ile ukoje. Bei niliyotaja, na nilitaja kubwa makusudi ili apunguze, akasema sawa. Nani amewahi kununua kitu hata fungu la nyanya akasema sawa? Nikamwambia basi mtume nduguyo aliye hapa Dar aje aione, akasema nduguye kasafiri. Nikamwambia nipigie tuongee kwa sauti, akasema yuko kikaoni. Siku tatu mtu yuko kikaoni! Halafu hapo hapo ananiharakisha, basi linaondoka, basi linaondoka, kama vile cherehani ingeoza.

Sasa Otmar, nakuuliza mbele ya Mama na mbele ya Mama Benigna. Mteja wako ameuliza injini ina nguvu kiasi gani? Ameuliza inakula mafuta kiasi gani, au ile nati uliyofunga kwa waya? Umesikia sauti yake hata mara moja? Jumapili nilikuuliza haya haya kwa upole kabisa, nikakueleza yaliyonipata, na wewe ukanijibu nini? "Dada, wewe ulilizwa kwa sababu ni mwanamke, mtu akikuita dada unayeyuka. Mimi siibiwi." Ukakata simu. Thubutu! Wewe usiyeibiwa, umeyeyuka kwa kuitwa mtu wa nyumbani, kama mimi tu, tumbo moja.

Lakini nimekaa siku tatu nikifikiri, na hasira imezunguka ikanirudia mwenyewe. Raymondi hakuzaliwa anajua habari za usipa na maharage. Nilimfundisha mimi. Alipoona injini inauzwa Mbamba Bay alikuwa tayari na maneno ya kumfungua Otmar, na maneno hayo nilimwandikia mimi kwa mkono wangu, nikicheka. Kama injini ikiondoka Jumamosi, Mama, nitakuwa nimekunyang'anya cherehani na boti kwa pamoja. Ndiyo maana silali vizuri, na ndiyo maana namtukana mdogo wangu kwenye barua.

Kwa hiyo nisikilizeni. Injini isipande gari la Jumamosi. Mama, iingize chumbani kwako, uilaze miguuni mwa kitanda, ufunguo ukae kwenye khanga yako. Otmar mwandikie huyo mtu hivi: njoo Mbamba Bay. Uje uiwashe, uitie majini, uende nayo mpaka uridhike, urudi ule ugali kwetu, halafu ulipe mbele ya Mama, kama Mama mwenyewe amekubali kuiuza. Ni yake. Wewe ni dereva tu. Kama ni mtu wa Mbinga kweli, kushuka ziwani si safari. Nakuhakikishia atapata msiba wa ghafla, au kikao. Na usimpe stori hata moja zaidi ya nyumbani. Hata jina la Mama usimtajie.

Pikipiki tutaizungumza, Otmar. Sikatai kwamba ziwa linachosha. Ungeniambia tu, na ungemwambia Mama. Na mimi ningemwambia Mama kwamba cherehani imekaa bure, labda angesema niuze, labda angesema niirudishe nyumbani. Sasa hatutajua.

Nisalimie wifi yangu, mwambie sijamkasirikia, kumficha mume ndiyo ndoa. Nisalimie shangazi Kandida akipita kutoka Chiwanda, ila cherehani usimwambie, maana habari itafika Ngumbo kabla yake. Baba mdogo huko Ngumbo nitamweleza mwenyewe nikija Pasaka.

Jambo la mwisho, Mama. Ukimaliza kusomewa haya, najua alfajiri ukifunga kiroba cha Bi Gaudensia mkono utasita. Utafikiri, je, kama na yeye? Usisite, nakuomba. Huyu mmeshikana mikono, mmezikana, na amelala kwako siku gari lilipoharibika. Funga kiroba, mpe konda, sema "kwa Gaudensia", halafu ugeuke uende zako usiangalie nyuma. Raymondi amechukua cherehani yako kwa kutumia jina la maharage yale. Maharage yenyewe hatayapata.

Mimi mwanao niliyeuza nilichoambiwa nisiuze,

Winfrida

Otmar, umemaliza. Sasa ikunje, mpe Mama mkononi, na habari ya fundi umwambie kwa kinywa chako mwenyewe.