Sauti ya Kukodi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umekuachia kidogo? Mimi mzima, ila koo linawasha. Najua simu haikufai tena tangu masikio yakusaliti, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi nimepata, na utacheka. Ni kampuni ya video za mtandaoni. Inanunua tamthilia za nje, sisi tunaziingizia sauti za Kiswahili, watu wanatazama kwenye simu. Mimi ni mjane, ni mama mkwe, ni mtoto anayelia. Kama wewe kwenye ule ukumbi wa video, ulipokuwa ukisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, ukiwasemea kwa Kiswahili wahusika wote wa filamu, hadi farasi.

Ila wewe ulikuwa na watu mbele yako. Mimi nina chumba kilichokuwa stoo. Kuta zimepigiliwa magodoro, mlango unafungwa, feni inazimwa tukirekodi kwa sababu ya kelele. Tunalipwa kwa dakika inayorushwa tu. Ukikohoa ukarudia, hasara ni yako.

Lakini usijali.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo na mimi tumezoeana kama wake wenza: hatupendani, lakini nyumba ni moja. Masikio ndiyo yaliyostaafu bila kuniaga.

Barua yako nimeisoma hadi imelegea kwenye mikunjo. Nimeukumbuka ule ukumbi, yale mabenchi, harufu ya jasho na karanga. Ulikuwa ukikaa miguuni pangu na kunisahihisha: "Baba, huyo jana alikuwa na sauti nyingine." Mvua ikipiga bati tulisimamisha filamu, watu wakapiga soga mpaka ikatike. Hakuna aliyenikata hela kwa sababu ya mvua.

Sasa niambie ukweli, maana hiyo "usijali" yako naijua tangu hujaota meno ya ukubwani. Humo ndani mnapumuaje? Na using'ang'anie kwa ajili yangu. Mimi kula yangu ni ya ndege.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Umeshindaje huko?

Yuko mwenzetu tunamwita Kasuku. Yeye ndiye majambazi wote na mahakimu wote. Juma lililopita alianguka akirekodi, joto lilimzidi. Tulimbeba nje tukammwagia maji. Msimamizi alikuja mbio, nikadhani anamkimbilia Kasuku. Akauliza, "Kile kipande kimehifadhiwa?"

Hakikuhifadhiwa, basi siku ile Kasuku hakulipwa.

Tumekubaliana hatuingii tena mpaka walete feni isiyo na kelele, waache mlango wazi, na watulipe kwa muda tunaokaa humo. Jana msimamizi aliniita peke yangu. Akanivutia kiti, akanimiminia chai. "Wewe wanakusikiliza," alisema. "Warudishe kazini, nikufanye mkuu wa sauti. Mshahara wa mwezi." Nikamwomba anipe siku chache.

Mshahara wa mwezi, Baba. Nifanyeje?

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kasuku anaendeleaje? Mpe pole yangu.

Sitakuamulia. Nitakusimulia habari ya marehemu mama yako, wewe ukiwa bado mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza tiketi pale ukumbini. Filamu ikianza, mwenye ukumbi alikuwa akitia mlango kufuli ili wasiolipa wasipenye. Na mlango ulikuwa huo huo mmoja. Siku moja mama yako alikifunga kitabu cha tiketi, akamwambia, "Siuzi mpaka hilo kufuli litoke. Moto ukiwaka, hawa watatokea wapi?" Mwenye ukumbi akafoka. Watu wakajaa barabarani. Mimi nilikuwa ndani, kipaza sauti mkononi. Kisha nikatoka, nikaketi naye kwenye ngazi.

Filamu ilichelewa, lakini ilionyeshwa mlango ukiwa wazi, na upepo ukaingia.

Mpaka leo nikimkumbuka, namwona pale kwenye ngazi, kakumbatia kile kitabu, wewe umelala fofofo.

Baba yako

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kimya chako kimekuwa kirefu, nami siwezi kupiga simu nikakusikia.

Yule muuguzi jirani, uliyecheza naye utotoni, huja kunipima presha. Jana nilimwomba anifungulie tamthilia zenu kwenye simu yake. Nikamwona mjane akisogeza midomo. Nikamwuliza, "Huyo ndiye mwanangu?" Akasikiliza. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akatikisa kichwa.

Uko wapi, mama?

Baba yako

17 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Niliona aibu kukuandikia kabla sijapata pa kusimamia.

Nilimkatalia msimamizi. Tulikaa nje ya lango siku kadhaa, Kasuku akituigizia mabosi mpaka mlinzi akacheka kwa kujificha. Mwishowe walikubali feni isiyo na kelele, na mlango ubaki wazi. Malipo hawakuyagusa. Wenzetu walirudi. Mimi na Kasuku tuliambiwa nafasi zetu zimeshajazwa.

Daktari amenikataza kupaza sauti. Siku hizi nafunga vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, mahali ambapo wanahitaji mikono yangu tu. Nimeomba ruhusa, Jumamosi nakuja kukuona.

Juzi mchana alikuja msichana chumbani kwangu. Alisimama mlangoni akisokota mkanda wa mkoba. "Dada, mimi ndiye niliyepewa mjane wako," alisema. "Silii vizuri. Wanasema watanitoa."

Roho iliniambia nifunge mlango, Baba. Sikufichi, ilisema hivyo zaidi ya mara moja.

Kisha nikamkaribisha akae kitandani, maana kiti sina. Nikamnong'oneza: usianze na kilio, anza na pumzi, kama mtu anayepapasa kitu mfukoni na hakioni. Akajaribu, akaharibu, tukacheka. Akajaribu tena. Mara yule mjane akawa mle ndani pamoja nasi, yule yule niliyemlea mimi, ila sasa ana koo changa lisilo na mikwaruzo.

Jua lilipopungua makali, alichukua mkoba wake, akaaga. Nilimsindikiza hadi kituoni.

Mwanao