Kijiji Kilichopiga Kura ya Kutokuwepo

Jumapili, 5 Mei

Siamini. Nimesoma mara mbili, kisha nikafunga kompyuta ya Mama kama niliyeshika pasi ya moto.

Nilitaka tu kuona picha za njia yetu ya baiskeli kwenye tovuti ya watalii. Ni yetu kweli — mimi na Mama tuliipima mwaka jana, kilima kwa kilima, yeye kwa gari, mimi kwa baiskeli. Picha ni nzuri! Mashamba ya ngano, milozi, lami isiyo na gari hata moja. Halafu Peñalcorva, kijiji chetu. Uwanja wetu. Mlango wa kijani wa jirani yetu, Bi Visitación. Na chini yake maneno: “Mahame ya Peñalcorva. Mkazi wa mwisho aliondoka zamani. Simama, usikilize ukimya.”

Aliondoka! Na mimi niliyekuwa kwenye uwanja huo huo, nikila mkate na nyanya, mimi ni nani?

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwuliza Mama. Nilitumaini atasema ni kosa la Joost, Mbelgiji anayeleta waendesha baiskeli. Hakukana!

Anasema ilianza yenyewe. Kundi la kwanza lilipita saa ya usingizi wa mchana. Hawakuona mtu, wakafikiri kijiji kimekufa, wakafurahi mno. Wakawasimulia rafiki zao. Sasa kila Jumamosi imejaa wageni, na Mama ndiye anayewapikia kule chini, kijiji cha Las Ventas.

“Kwa hiyo unatuua?” nikasema.

“Nakulisha,” akasema. “Bila hao watu, Septemba tunahamia mjini Zaragoza kwa shangazi yako, chumba kimoja. Hapo ndipo nyumba hii itakuwa mahame kweli.”

Sitaki Zaragoza. Nataka kubaki hapa. Natumaini bado kuna njia ya kubaki bila kuwa mfu.

Alhamisi, 9 Mei

Mkutano wa kijiji. Sisi ni wachache mno kuwa na madiwani, kwa hiyo kila mtu mzima husimama kwenye kibaraza cha kanisa na kuinua mkono. Mwalimu Begoña hutuambia hakuna demokrasia safi kuliko hiyo. Nilikuwa na hakika watamfukuza Joost.

Joost aliomba jambo moja. Jumamosi, saa nne mpaka saa sita, asionekane mtu. Madirisha yafungwe. Magari yaingizwe zizini. Nguo zisianikwe. Gari la mkate lisipige honi.

“Na kuku wangu?” akauliza Bi Visitación. “Niwaambie watage kimya kimya?”

“Kuku si tatizo, Visi,” akasema Mzee Eutimio, meya wetu. “Tatizo ni wewe. Wewe na ukimya hamjawahi kukutana.”

“Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, Eutimio. Maiti nimeziona. Zote zilikuwa na sura nzuri kuliko yako.”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikanyoosha kidole. Watoto hatupigi kura lakini tunaruhusiwa kuuliza. Nikasema: na kokoto je? Mvua ikinyesha zinashuka mpaka kwenye kona, pale baiskeli zinapoingia kijijini kwa kasi. Mimi huzifagia kila Jumamosi asubuhi.

Joost akatabasamu. “Mahame hayafagiwi, binti. Nitawaambia wapunguze mwendo.”

Wakacheka tena. Halafu mikono. Yote! Hata wa Bi Visitación. Wa Mama ulikuwa wa kwanza kupanda.

Tumepiga kura ya kutokuwepo. Imepita bila mpinzani.

Jumamosi, 11 Mei

Imefanikiwa. Hilo ndilo linalonishtua.

Walishuka baiskeli wakawa wananong'ona, kama watu walioingia kanisani. Mwanamke mmoja aliweka kiganja chake juu ya mlango wetu. Akalia. Akatulilia sisi! Nilikuwa upande wa pili, karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Nilitaka kumwambia: usilie, mama, tupo, na supu ya dengu ipo.

Walipoondoka, Mzee Eutimio alifungua dirisha, akainua glasi ya divai. “Mungu atulaze mahali pema!” Kijiji kizima kikaangua kicheko. Na mimi pia. Baadaye nilienda kuweka kiganja changu pale alipoweka chake.

Jumatano, 15 Mei

Sikukuu ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima. Mvua kubwa! Tumeizungusha sanamu yake ndani ya kanisa, isilowe.

Mama amenunua rangi ya chumba changu. Nzuri, ya gharama — anasema hii si rangi ya mtu anayehama. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika jikoni kwa sababu Bi Visitación amesema nikae hapa, nisitetemeke mbele ya mgonjwa, nishike kitu mkononi. Nimeshika kalamu.

Kundi lilipita salama. Tulidhani wameisha. Kumbe wawili walikuwa nyuma, mume na mke, nywele nyeupe wote. Nikasikia matairi yakishuka, kisha kishindo kama cha gunia la viazi. Zile kokoto!

Nikachungulia. Mwanamke chini, mguu umepasuka, damu nyingi mno juu ya lami. Mumewe akatoa simu. Hapa hakuna mtandao mpaka upande makaburini. Lakini yeye atajuaje? Nani amwambie?

Akaanza kugonga milango. “Kuna mtu? Tafadhali!” Kihispania chake kibovu. Mlango wa Mzee Eutimio — kimya. Wa jirani yake Julita — kimya. Wa Bi Visitación — kimya! Muuguzi! Asubuhi nilimwona kwa macho yangu akifunga dirisha.

Yule bwana hakufika kwetu. Alirudi, akavua fulana, akamfunga mkewe mguu, akakaa barabarani amempakata kichwa.

Nikatoka. Aliponiona alipiga yowe. Nadhani alidhani mimi ni mzuka. Nikasimama katikati ya uwanja nikaita: “Bi Visi! Mzee Eutimio! Julita!” Hakuna. Nikaita nyumba kwa nyumba, majina yote, ya watu walionibeba nikiwa mchanga. Hakuna! “Bi Visi, anakufa huyu! Anakufa kweli!”

Mlango wa kijani ukafunguka. Mkoba wake ulikuwa mkononi. Viatu alikuwa amevaa, glavu pia. Tayari! Muda wote alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akingoja mwingine awe wa kwanza.

“Usinitazame hivyo,” akaniambia. “Inua mguu wake. Juu zaidi.”

Baada yake wakatoka wote. Mzee Eutimio alipanda makaburini kupiga simu, akarudi akihema: gari la wagonjwa liko njiani, lakini kutoka mbali. Tumemlaza mama huyu kwenye kochi letu. Damu imepungua. Bi Visitación anasema atapona kama hawatachelewa, na hajafanya mzaha hata mmoja.

Mumewe amesimama mlangoni, anatazama nje. Watu wamejaa uwanjani, wengine na ndara.

“Mnaishi hapa?” ameniuliza.

“Ndiyo.”

“Hawa wote?”

“Wote.”

Ameitikia kwa kichwa, polepole. Kisha ameonyesha kwa kidole, mlango mmoja mmoja, ile aliyoigonga. Ule. Ule. Na ule.

Sasa nasikia injini kutoka bondeni. Ni gari la Joost; Mama yumo pembeni yake, namjua kwa skafu. Nyuma yao kundi zima la baiskeli linarudi kuwatafuta wenzao. Wako kwenye kilima cha mwisho.

Mzee Eutimio amekuja dirishani, kofia mkononi, ananong'ona: “Izarbe, mwanangu, wanakuja. Tuingie ndani?”

Nyuma yake kila mtu amerudi kwenye mlango wake, mkono juu ya kitasa. Wananitazama mimi. Mimi! Na yule bwana naye amegeuka, anangoja kusikia nitasema nini —