Interrupteur ya Ine

Siku ya kwanza, 3/5/1954
Ndeke imerudi toka Walikale saa ine. Kidole kwanza juu ya kila interrupteur, vile vidude sita vya kuwasha na kuzima, kisha batri nikaikata. Ya taa, muzuri. Ya redio, muzuri. Ya pompe inayopeleka esanse, petroli, mu motere iko moto, na ukiibonyeza haigongi, inateleza tu. Ya tatu kuharibika tangu Pasaka, na zote niliziweka mimi. Pompe ikizimika juu ya pori, motere nayo inazimika.

Patron, mekanisie muzungu, alisema mbele ya bote niko na mikono ya jembe. Ya ine ikiharibika, nirudi kwetu Karuba kulima. Niko na hasira sana.

Siku ya pili, 4/5
Nimeweka ya ine. Ile mbovu sikuitupa, niliipasua na kisu. Ndani iko nyeusi, inanata. Nikanusa. Mawese, ya kuungua! Hapa kwetu tunapika na mafuta ya ng'ombe. Mawese iko ya Walikale.

Siku ya tatu, 5/5
Nimeomba pilote, mwenye kuendesha ndeke, anibebe mupaka Walikale. Juu ya pori nilikuwa na woga, sitadanganya kitabu changu.

Kushuka tu, Papa Kalumo akapanda ndani. Muwindaji wa zamani, sasa njo mulinzi wa kiwanja cha Walikale. Mukononi nyoya ya kuku na kichupa cha mawese. Nilimushika mukono karibu na interrupteur mupya. Hakuficha kitu.

"Huku mvua inakula chuma, mwanangu. Bunduki yangu napaka, na ndeke yenu napaka."

Anajivuna, masikini. Sikumugombeza. Nilimueleza: penye umeme panataka pakavu, zaidi pa pompe, inakula umeme mwingi; mafuta yanaungua, yanakuwa makaa. Alikaa chini kwa aibu. Alisema angeweza kutuua. Niliumia.

Siku ya ine, 6/5
Nikimutaja Papa Kalumo, atakula fimbo na kufukuzwa. Nikinyamaza, mimi njo narudi Karuba. Sikulala vizuri.

Niliweka vipande juu ya meza ya patron.

"Iko mawese, haiko mikono yangu. Jina sitoi. Hayatapakwa tena."

Alinusa. Akanusa tena. Akawa mwekundu mupaka masikio. Alisema nibadilishe zote sita, peke yangu. Ndeke ikirudi kesho bila kosa, nabaki.

Siku ya tano, 7/5
Imeenda mara mbili, mvua yote juu yake. Imerudi mara mbili. Kidole: baridi, baridi, sita zote baridi! Zinagonga ta, ta! Nilicheza uwanjani kama mulevi, na nipo na miaka makumi tatu na watoto watatu. Patron aliandika jina langu mu karne, kile kitabu cha kazi ya ndeke, na wino, chini ya macho yangu. Nimeshinda. Mikono ya jembe, ndiyo, na jembe linajua kazi.

Siku ya sita, ya posho, 8/5
Ukungu asubuhi. Patron alisimama mulangoni na kahawa yake. Pilote alimupita, akaja kwangu, akauliza kama tunaenda.

Nilipitisha kidole tena, moja moja.

"Enda," nikasema.

Akaenda.